Hedifoni za waya kwa anayeanza kusikiliza muziki kwa makini: tazama chumba chako kabla ya bei

Mlima_Loleza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Vijana wengi wa hapa Mbeya, hasa wanachuo wa MUST na wale wa studio ndogo za Mwanjelwa na Soweto, wananiuliza swali lile lile: nina laki na nusu, nataka kuanza kusikiliza muziki kwa makini, ninunue hedifoni gani ya waya? Nimeona nijibu kwa kirefu mahali pamoja, na nyie mliotangulia muongeze ya kwenu. Wa Iringa, Njombe na Songwe mnahusika pia, maana hali zetu hazipishani sana.

Mimi naanza kwa kuuliza: unasikilizia wapi?

Ukifungua video za wachambuzi wa Ulaya na Marekani, wengi watakuelekeza kwenye hedifoni ya mgongo wazi, yaani ile ambayo nyuma ya spika ina wavu na hewa inapita. Hawakosei. Sauti yake hutanuka, kila chombo kinakaa mahali pake, na sikio halichoki upesi. Sennheiser walitoa HD 414 ya mgongo wazi mwaka 1968, na HD 600 yao ya mwaka 1997 hadi leo watu wanaitumia kupimia nyingine. Lakini huyo mchambuzi amekaa kwenye chumba chenye dari, dirisha limefungwa, jirani hasikiki. Wewe uko Ilemi chini ya bati lisilo na dari, mwezi wa pili, mvua imeanza saa nane mchana na haina dalili ya kukatika. Hedifoni ya mgongo wazi haizuii chochote. Mvua yote inaingia, nawe unapandisha sauti ili uishinde, na hapo ndipo masikio yanapoumia. Kama mnakaa wawili geto, mwenzako naye anausikia wimbo wote.

Kwa hiyo kwa wengi wetu wa huku juu, hedifoni ya kwanza iwe iliyozibwa nyuma na inayofunika sikio zima. Ukiweza kufika Audio-Technica ATH-M40x (omu 35, waya unachomoka, huko nje ni kama dola 100) huna sababu ya kubadilisha kwa muda mrefu. Mfuko ukibana, ATH-M20x ni ndugu yake mdogo, ila waya wake hauchomoki. Bei za nje zizidishe kwa dola ya siku hiyo, kisha weka usafirishaji na kodi, ndipo ujue kama laki na nusu inatosha.

Jambo la pili ni kinachoisukuma hiyo hedifoni. Kwenye boksi kuna namba yenye alama ya Ω, hiyo ni omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme. Wengi wanaipita. Chukua simu inayotoa volti 1: hedifoni ya omu 32 itapata kama miliwati 31, ya omu 80 miliwati 12 na nusu, ya omu 300 miliwati 3 na kidogo. Simu ni ile ile, wimbo ni ule ule. Ndiyo maana mtu anapata DT 770 Pro ya Beyerdynamic iliyotumika, anafurahi, anafika nyumbani inasikika kama iko chumba cha pili. Hedifoni hiyo inatengenezwa kwa omu 32, 80 na 250, na sura ni karibu ile ile. Aliyeuza ya omu 250 hakumdanganya. Mnunuzi hakusoma namba.

Ila omu peke yake haitoshi. Tazama pia dB, inayokuambia hedifoni inapiga kelele kiasi gani kwa umeme mdogo. HE400se ya HiFiMan ina omu 25 tu, ukiona hivyo unasema simu itaiweza. Lakini dB yake ni 91, na hiyo ni njaa kali ya umeme. Kwa simu bila amplifaya, tafuta omu chini ya 80 na dB ya karibu 100 au zaidi.

Na kwa nini waya, wakati za Bluetooth zimejaa kila duka? Kwa sababu pesa yako yote inaingia kwenye spika na mto wa sikio. Hulipii betri itakayochoka baada ya miaka michache na hakuna fundi wa kuifungua. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991 na bado inauzwa, bado inavaliwa studio. Kitu cha waya unaweza kukirithisha.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

---

Sikio_la_Kihesa

Kamwene mkuu. Uzi mzuri, lakini kwenye mgongo wazi naomba nipingane nawe kidogo.

Iringa mjini mvua si kama ya Mbeya, miezi mingi ni kavu. Mimi nasikiliza kuanzia saa nne usiku, watoto wamelala, barabara ya Kihesa imetulia. Muziki wangu ni dansi la zamani: gitaa la solo, la kati, besi, na safu ya matarumbeta nyuma. Nilipovaa Philips SHP9500 kwa mara ya kwanza, yale magitaa yaliyokuwa yamebanana miaka yote kwenye redio yakaachana, nikajua nani anapiga nini. Hiyo ni ya mgongo wazi, omu 32, simu ya kawaida inaisukuma bila shida, na waya wake unachomoka.

Kwa hiyo nisingemwambia kijana aanze na iliyozibwa kwa sababu tu yuko nyanda za juu. Ningemuuliza anasikiliza saa ngapi. Usiku wa kiangazi hapa kwetu ni kimya kuliko chumba cha huyo mchambuzi wako wa Ulaya.

Tahadhari moja tu: kama rekodi yenyewe ni ya mono, yaani sauti ile ile masikio yote mawili, hakuna hedifoni itakayokuonyesha nani amekaa kushoto na nani kulia. Usije ukailaumu.

---

Mlima_Loleza

Nakubali kuhusu saa, mkuu. Mtu wa Gangilonga au Kihesa mwenye usiku wake mwenyewe, mgongo wazi utampa raha kuliko chochote kwa bei ile. Msimamo wangu unabaki kwa mwanachuo wa hosteli na wa bati bila dari.

Na kwa anayetaka kuonja mgongo wazi kwa pesa ndogo, kuna Koss KSC75, zile za kuning'iniza sikioni, huko nje kama dola 20. Porta Pro yao ipo tangu 1984. Zote ni omu 60 na zinakubali simu. Plastiki yake ni ya kawaida kabisa, lakini sauti inazishinda nyingi za bei mara tatu.

---

Mwanachuo_Iyunga

Shikamooni wakubwa. Swali langu: simu yangu ni Samsung isiyo na tundu la pini. Nilinunua adapta ya Type-C dukani Kabwe, nikichomeka haitoi sauti kabisa. Jamaa mmoja ameniambia nianze kununua DAC (kifaa cha kugeuza data kuwa sauti) na amplifaya, hedifoni baadaye. Je, ni sahihi?

---

Mlima_Loleza

Marahaba. Hapana, usianze na amplifaya. Kwa laki na nusu, karibu yote iende kwenye hedifoni. Tofauti kati ya hedifoni mbili unaisikia ndani ya dakika moja. Tofauti kati ya adapta nzuri ya bei ndogo na amplifaya ya laki tano, kwa hedifoni ya omu 35, wengi hawaisikii wakifumbwa macho.

Adapta yako inawezekana haijaharibika. Kuna za aina mbili na kwa nje zinafanana. Moja ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti yenyewe kupitia Type-C, na Samsung nyingi hazifanyi hivyo. Nyingine ina kichipu ndani kinachogeuza data kuwa sauti. Unataka hiyo ya pili. Dukani sema "yenye DAC ndani" na uijaribu kwa simu yako palepale kabla hujalipa. Ile ya Apple ya Type-C, kama dola 9, ina chipu safi sana, ila kwenye Android nyingi sauti yake inakuwa ndogo. Kwa Android tafuta nyingine.

Wenye Tecno, Infinix na itel nyingi bado mna tundu. Msilidharau.

---

Fundi_Mafinga

Mimi ni fundi simu, sio mtaalamu wa muziki, lakini hedifoni za waya zinapita mezani kwangu kila siku, kwa hiyo niseme zinakufia wapi. Ni sehemu mbili: pale waya unapoingia kwenye pini, na pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Spika yenyewe mara chache.

Kwa hiyo ukiweza, nunua ambayo waya unachomoka. Ukikatika unabadilisha waya, hubadilishi hedifoni. Lakini tazama unachomokaje. Ikiwa ni pini ya kawaida ya milimita 3.5, utapata mbadala hata Makambako. Ikiwa ni pini nyembamba ya 2.5 yenye kufuli la kuzungusha, kama kwenye M40x, itabidi uagize.

Waya usiochomoka nao unatengenezeka, na hapa wengi wanaharibu. Zile nyuzi za ndani zina rangi juu yake. Hiyo rangi ni vanishi, haipitishi umeme. Fundi akigusisha risasi tu bila kuichoma vanishi, itashika kwa macho lakini sauti haitapita, au itakuja upande mmoja. Choma ncha kwa risasi ya moto mpaka vanishi iungue na uzi ung'ae, ndipo uunge. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, rangi ya shaba ni ya kurudishia. Thibitisha kwa mita kabla ya kufunga, viwanda havifanani.

Na msivute kwa waya mnapochomoa. Shika pini.

---

Dada_wa_Sauti_ya_Pili

Nashukuru kwa uzi. Niongee upande wa kwaya, maana wengi tunarekodi wenyewe siku hizi na hedifoni ni chombo cha kazi.

Kuchanganya sauti kwa hedifoni yenye besi ya kujazwa ni hatari. Unasikia besi imejaa, unaipunguza, ukipeleka wimbo kanisani kwenye spika unakuta umekonda, hauna miguu. Studio ndogo ichukue kitu kilichonyooka, MDR-7506 au M40x. Mwimbaji naye avae iliyozibwa, kwa sababu ya mgongo wazi inavujisha mdundo na maikrofoni inaunasa. Na ya Bluetooth kwenye kurekodi isiguswe. Sauti inachelewa kidogo, na kwa mwimbaji hiyo kidogo inatosha kumtoa kwenye mpigo.

Kuna jambo wanaume hamjaligusa: nywele. Nikiwa nimesuka rasta nene au nimefunga kilemba, mto wa sikio haukai sawasawa, hewa inapita, besi inatoweka. Miwani nayo ni hivyo hivyo, ule mkono wake unaacha mwanya. Niliwahi kusikia watu wawili wakibishana hedifoni moja ina besi au haina, mmoja ana miwani, mwingine hana. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ukienda kujaribu, nenda na kichwa chako cha kila siku.

---

Kyela_Juani

Ugonile, wa milimani. Nyie mnazungumza habari ya baridi na mvua, sisi huku ziwani hedifoni ya kufunika sikio mchana ni mateso. Zile za ngozi bandia, jasho linafanya mto unabanduka magamba. Anayetaka za kufunika huku atafute mito ya kitambaa laini, kama ile ya DT 770 Pro ya omu 80.

Mimi nimehamia kwenye za kuchomeka sikioni, za wachina wanaojulikana kwa kazi hiyo. Moondrop, 7Hz, KZ. Salnotes Zero ya 7Hz na Chu ya Moondrop zinauzwa kama dola 20, na usawa wa sauti zake miaka kumi na tano nyuma ungelipa fedha nyingi kuupata. Chu ya kwanza waya wake hauchomoki, Chu II unachomoka. Zinazuia kelele ya mvua vizuri kuliko hedifoni kubwa nyingi, kwa hiyo hata wa bati bila dari zinawafaa.

Ila msihukumu kabla hamjabadilisha vile vimpira. Boksi linakuja na saizi kadhaa. Kikiwa kidogo hakizibi, besi inakimbia, mtu anasema "hii haina kitu". Sikio la kushoto na la kulia yanaweza kutaka saizi tofauti.

---

Mlima_Loleza

Ndaga fijo, mkuu wa Kyela. Hilo la kuziba lingefaa kuwa juu kabisa ya uzi. Na kwa mwenye bajeti chini ya laki, mimi mwenyewe namwelekeza huko huko kabla ya hedifoni kubwa yoyote ya jina lisilojulikana.

---

Tunduma_Mpakani

Naomba mtusaidie kuhusu feki. Mimi niliuziwa hedifoni ya jina kubwa, boksi zuri, lebo nzuri, sauti kama inatoka kwenye debe. Mtu anaijuaje dukani?

---

Sikio_la_Kihesa

Pole sana ndugu yangu. Boksi halitakusaidia, boksi ndilo wanaloliiga vizuri kuliko vyote. Zinazoigwa zaidi ni zile za majina ambayo kila mtu mtaani anayajua. Majina ya kistudio kama tunayoyataja humu yanaigwa pia, hasa M50x ya Audio-Technica, ila huku kwetu ni mara chache kuyakuta kwenye meza ya barabarani.

Kinachosaidia ni kujaribu. Weka kwenye simu yako wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Sauti ya mwimbaji mkuu iwe katikati ya kichwa, isivutwe upande. Kisha weka mlio wa chini unaopanda taratibu kutoka hezi 20, upo bure mtandaoni. Usikie kama kuna kukwaruza au kutetema kwa plastiki. Upande wa kushoto na kulia zipande pamoja. Tikisa waya karibu na pini na karibu na kikombe, sauti isikatike. Halafu ivae kwa kitambo ukiwa umesimama hapo hapo. Kama inabana utosi au inagusa ncha ya sikio, haitazoeleka, utaiacha kabatini.

Muuzaji akikataa usijaribu, mshukuru uondoke.

---

Mwanachuo_Iyunga

Nawashukuru sana. Nina nyimbo nyingi, zote mp3 za 320 nilizogeuza kutoka YouTube. Zinatosha au nitafute FLAC?

---

Mlima_Loleza

Namba 320 hapo inakudanganya, mdogo wangu. YouTube yenyewe inatoa sauti ya takriban kilobiti 128 hadi 160 kwa sekunde. Ukiigeuza kuwa 320 faili linakuwa kubwa, lakini kilichokatwa hakirudi, na kugeuza tena kunakata kingine. Zilizozungushwa WhatsApp kutoka mkono hadi mkono mara nyingi ni mbaya zaidi, matoazi yanasikika kama maji yanayochemka.

CD ni biti 16 na hezi 44,100, na FLAC inaihifadhi hiyo bila kupoteza kitu. Wimbo mmoja wa dakika nne ni kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo hesabu memori kadi yako. Lakini sikukazii FLAC kwa lazima. Mp3 ya 320 iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka CD ni vigumu sana kuitofautisha. Anza na nyimbo chache unazozipenda kweli, zipate kutoka chanzo safi, zisikilize hizo. Msanii akiwa anauza mwenyewe, mnunulie.

Na kabla ya kusema hedifoni haina besi au ina makali, jaribu kurekebisha sauti. Kwenye Android kuna programu ya Wavelet. Ndani yake kuna marekebisho ya mradi wa AutoEq kwa hedifoni nyingi sana, unatafuta jina la yako, unawasha. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, ya bure.

---

Dada_wa_Sauti_ya_Pili

Kabla hamjafunga, tuseme habari ya masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema dB 80 (hapa ni ukubwa wa sauti inayofika sikioni, si ile dB ya kwenye boksi) ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika dB 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Tofauti ya kumi kwenye namba, muda unakatwa mara kumi. Kwenye kwaya nina wenzangu ambao hawasikii tena sauti nyembamba za juu, na hakuna hedifoni ya kuwarudishia.

Hapo ndipo ninapomuunga mkono mwanzisha uzi kuhusu bati na mvua. Hedifoni inayozuia kelele inakuruhusu usikilize kwa sauti ndogo. Kwangu hiyo ni sababu kubwa kuliko besi.

---

Mwanachuo_Iyunga

Nimeamua. Kwa sababu niko hosteli na simu haina tundu: adapta yenye DAC ndani, na Salnotes Zero kwa sasa. Nikipata kazi ya likizo nitaongeza M40x. Kuna jamaa Kariakoo anasema ataituma hiyo Zero kwa basi, niipokee stendi ya Nane Nane. Anataka nilipe yote kwanza. Na amesema nikiipata niiwashe siku nne mfululizo bila kuivaa ili spika ilegee.

---

Mlima_Loleza

Mpango mzuri. Hiyo ya siku nne usijisumbue nayo, ivae siku ile ile. Kinachobadilika kwa kiasi kikubwa ni sikio lako kuizoea sauti mpya, kwa hiyo ipe wiki kabla hujaipitishia hukumu.

Kuhusu malipo, mwambie akutumie video akiifungua, ikionyesha soketi za pini mbili za milimita 0.78 kwenye kila upande na vimpira vyote. Umlipe nauli ya mzigo, fedha ya bidhaa uitoe ukishaifungua hapo stendi na kuisikiliza pande zote mbili. Akikataa, kuna wengine wanaokubali. Na nenda na adapta yako imeshajaribiwa, usije ukadhani hedifoni ni mbovu kumbe ni ile ya Kabwe.